Gharama ya Maji ya Moto Nyumbani: Tupige Hesabu Kabla ya Kununua au Kubadilisha Hita

Mazungumzo na wananchi wa Ipole, Wilaya ya Sikonge, Mkoa wa Tabora

Tumekutana kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni maji ya moto ya kuogea. Kila mwaka jambo hili hula fedha nyingi za kaya kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka baada ya chombo kununuliwa, pale ambapo mnunuzi ameshaacha kupiga hesabu.

Mkoa wetu hauna baridi ya Makete wala ya Njombe. Hata hivyo, nyanda hizi ziko juu, na usiku wa Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi, joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Maji yaliyolala kwenye pipa nje ya nyumba hayafai kumwogesha mtoto mchanga alfajiri, wala mzazi aliyetoka kujifungua, wala mzee mwenye maumivu ya viungo. Kwa watu hao maji ya moto ni sehemu ya huduma ya afya nyumbani. Kwa hiyo sisemi kwamba maji ya moto ni anasa ya kuachwa. Ninachosema ni kwamba yana njia nyingi za kupatikana, na kila njia ina bei yake.

Miezi ya baridi ndiyo pia miezi ya masoko ya tumbaku. Fedha ya msimu inaingia mkononi wakati uleule ambapo mtu anatamani kuoga maji ya moto, na wafanyabiashara wa vifaa vya umeme wanalijua hilo vizuri. Hita huonekana rahisi siku hiyo. Swali ni kama itaendelea kuwa rahisi mwezi wa Januari, wakati fedha ya msimu imekwisha na ada za shule zinadaiwa.

Mzigo hupimwa kwa urefu wa safari

Njia ya kale ya misafara imetuachia funzo moja katika eneo hili. Wapagazi wa Unyamwezi waliotembea kati ya Tabora na pwani walizoea kubeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Mpagazi hakuhitaji tu kuweza kuuinua mzigo huo asubuhi ya kuondoka. Alihitaji kufika nao.

Chombo cha nyumbani nacho kipimwe hivyo. Bei ya dukani ni uzito wa kuinua. Urefu wa safari umo katika mambo mengine matatu: gharama ya kukifunga, gharama ya kukitumia kila mwezi, na gharama ya kukitengeneza au kukibadilisha kikichoka. Anayeuliza bei ya dukani peke yake ameuliza robo ya swali.

Ndoo moja ni nusu yuniti

Tuanze na kipimo ambacho kila mmoja wetu anaweza kukikumbuka. Kupasha ndoo moja ya lita 20 kutoka baridi ya kawaida ya asubuhi hadi joto la kuogea, yaani nyuzi 40 hivi, huhitaji karibu nusu yuniti ya umeme, ukihesabu na kiasi kidogo kinachopotea. Hesabu hii haibadiliki kwa jina la kampuni lililoandikwa kwenye boksi. Hita ya bei ghali na hita ya bei nafuu zote zinapasha maji yaleyale. Muuzaji akikuambia kwamba hita yake ya umeme ya kawaida inatumia nusu ya umeme wa nyingine kwa maji yaleyale, mshukuru kwa maneno mazuri na uendelee na safari yako.

Sasa chukua kaya ya watu watano, kila mmoja ndoo moja kwa siku. Nusu yuniti mara tano ni yuniti mbili na nusu kwa siku. Kwa siku 30 ni yuniti 75.

Ndugu zangu, namba hiyo 75 tuitazame vizuri. Ndiyo mpaka wa kundi la bei la D1, ambalo linahudumia kaya zenye matumizi madogo, na ndilo lenye wateja wengi vijijini. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, yuniti 75 za kwanza za mwezi katika kundi hilo ni shilingi 100 kila moja, na kila yuniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la T1, la wateja wa matumizi ya kawaida, lina bei moja ya shilingi 292 kwa yuniti. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Ukijumlisha zote, shilingi 100 inakuwa 122, shilingi 350 inakuwa 427, na shilingi 292 inakuwa 356.

Tuchukue kaya inayotumia yuniti 40 kwa mwezi kwa taa, redio, televisheni na kuchaji simu. Inalipa shilingi 4,880. Kaya hiyo ikianza kuoga ndoo tano za maji yaliyopashwa kwa umeme kila siku, matumizi yanafika yuniti 115. Ikiwa bado iko D1, yuniti 75 za kwanza zitagharimu shilingi 9,150 na yuniti 40 zinazobaki zitagharimu shilingi 17,080. Jumla ni shilingi 26,230. Ikihamishiwa T1, yuniti hizo 115 zitagharimu shilingi 40,940.

Kutoka shilingi 4,880 hadi shilingi 40,940 ni zaidi ya mara nane, na taa, redio na televisheni hazijaongezeka hata moja.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani haraka. Mteja ambaye matumizi yake ya kawaida yamezidi kiwango cha D1 huweza kuhamishiwa T1. Akishahamishwa, hata akiizima hita yake baridi ikiisha na kurudi kwenye yuniti zake 40, atazilipia shilingi 14,240 badala ya 4,880. Ni shilingi 9,360 zaidi kila mwezi, hadi atakaporejeshwa kundi lake la awali. Kwa miezi tisa isiyo ya baridi, jumla ni shilingi 84,240. Mtu huyo analipia maji ya moto ambayo hayaogi. Kwa hiyo kabla ya kufunga hita, fika ofisi ya TANESCO uulize mambo matatu: niko kundi gani, bei ya leo ya kundi hilo ni ipi, na matumizi yangu yakipanda kisha yakashuka, utaratibu wa kurejeshwa ni upi.

Bomba linalotiririka na ndoo iliyopimwa

Hita inayopendwa siku hizi ni ile ndogo inayofungwa juu ya bomba la kuogea, inayopasha maji yakiwa yanapita. Nyingi zina nguvu ya wati 3,500 hadi 5,500. Hita ya wati 5,500 ikifanya kazi kwa dakika kumi hutumia karibu yuniti moja. Hiyo ni sawa na ndoo mbili. Wanaoga watano, kila mmoja dakika kumi, na mwezi unakwisha kwa yuniti zipatazo 138, bila kuhesabu taa hata moja.

Si kwamba hita hiyo ina ubadhirifu wa asili. Ukweli ni kwamba ndoo ina mwisho, na bomba halina. Mwenye hita ya bafuni anaweza kuoga kwa nusu yuniti kama wengine, akifungua maji, akafunga anapojipaka sabuni, kisha akafungua tena kusuuza. Wenye nyumba za wageni nao wajue hili wanapopanga bei ya chumba. Mgeni aliyesafiri siku nzima kutoka Mbeya hataoga kwa dakika tatu.

Gharama ya kufunga

Hita ya wati 5,500 huvuta umeme wa ampea 24 hivi. Waya mwembamba wa soketi haukutengenezwa kwa mzigo huo. Utapata moto, utaunguza plastiki, na siku moja unaweza kuunguza nyumba. Hita hiyo inataka waya wake wenyewe mnene kutoka kwenye bodi ya umeme, swichi yake ya kujikata, na ethi iliyozikwa ardhini na kupimwa. Umeme na maji vinapokutana bafuni, ethi ndiyo inayookoa maisha.

Wengi wetu tumeunganishwa kwa mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kwa shilingi 27,000, na baadhi ya nyumba zina kifaa cha UMETA, yaani umeme tayari. Kifaa hicho ni msaada mkubwa kwa taa chache na soketi. Hakikukusudiwa kubeba hita ya bafuni. Mwenye UMETA akitaka hita, ahesabu pia gharama ya kutandaza upya nyaya za nyumba.

Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni uione kwa macho. Ongeza pia tangi la maji na mnara wake, kwa sababu hita ya bafuni haiwaki bila mgandamizo wa maji wa kutosha. Mara nyingi jumla ya waya, swichi, ethi, tangi, mabomba na ufundi huizidi bei ya hita yenyewe.

Kuhusu koili ya kuzamisha kwenye ndoo, nina neno fupi. Ni rahisi kununua na ni hatari sana. Usiiwashe kabla haijazama, usiguse maji kabla hujachomoa plagi, usiitumie kwenye ndoo ya bati, na usimwachie mtoto. Kama unaweza kununua birika la umeme linalojizima lenyewe, nunua hilo. Chemsha kiasi, changanya na maji baridi, na jaribu joto kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto.

Hita ikiharibika: kutengeneza au kubadilisha?

Katika nchi za baridi kali kama Kanada, nyumba nyingi zina tangi kubwa la maji ya moto, na tangi hilo hudumu miaka kumi hivi. Likipasuka katikati ya majira ya baridi, mwenye nyumba hununua jingine siku hiyohiyo, kwa bei yoyote atakayoambiwa. Hatari ileile iko kwetu kwa kipimo kidogo: mtu anayenunua kwa haraka hanunui vizuri. Anza kuuliza bei kabla chombo hakijafa.

Hita isipotoa joto, usikimbilie kununua nyingine. Kagua kwanza kama swichi imejikata na kama maji yana nguvu ya kutosha. Kisha fundi akague kidhibiti joto na koili ya ndani. Koili huungua kwa sababu tatu kubwa: kuwashwa bila maji, umeme kupanda na kushuka, na ukoko mweupe wa chumvichumvi unaoachwa na maji magumu ya visima. Sehemu hizi kwa kawaida hubadilishwa bila kutupa hita nzima. Lakini tangi lenyewe likioza na kuvuja, au mwili wa hita ukiungua, au ukipigwa shoti hata kidogo, zima swichi kubwa na usitumie tena. Hapo kutengeneza si akiba.

Kwa kesi zilizo katikati, gawanya gharama kwa miezi. Huu ni mfano wa hesabu tu, wala si bei ya duka lolote. Fundi anataka shilingi 30,000, na hita iliyochoka itadumu miezi sita zaidi: hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Hita mpya ni shilingi 120,000 na inatarajiwa kudumu miezi 48: hiyo ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpya ni nafuu. Lakini ikiwa matengenezo ya shilingi 30,000 yatakupa miaka miwili, ni shilingi 1,250 kwa mwezi, na ya zamani ndiyo nafuu. Mwulize fundi swali hilo moja: itadumu muda gani, na utanipa dhamana ya muda gani kwa maandishi?

Kwa jamaa zetu walioko Njombe, Makete na Mbeya, hesabu ni nzito zaidi. Maji yanayoanza na nyuzi 12 yanahitaji umeme zaidi kwa asilimia 40 kuliko yanayoanza na nyuzi 20. Ndoo yao ni theluthi mbili ya yuniti. Kijana wa Ipole anayehamia huko asitumie hesabu ya nyumbani.

Kuni, mkaa na jua

Wapo watakaosema: basi turudi kwenye mafiga matatu, kuni ni za bure. Tuzipime nazo. Mafiga ya wazi hupoteza sehemu kubwa ya moto hewani, na ndoo moja ya maji ya kuoga humaliza karibu kilo moja ya kuni. Ndoo tano kwa siku ni kilo 150 kwa mwezi. Jiko sanifu lililojengwa vizuri kwa udongo hupunguza kiasi hicho kwa nusu au zaidi, na gharama yake kubwa ni ufundi na siku moja ya kazi. Mkaa unaonekana mwepesi, lakini kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za miti.

Miti hiyo ni ya miombo ileile inayolisha nyuki wetu, na inayotunzwa na vijiji kupitia Eneo la Hifadhi ya Jamii la Ipole. Kukausha tumbaku tayari kunaidai misitu hii deni kubwa. Kuni za bure zinalipwa kwa saa za mama na binti njiani, kwa moshi machoni, na kwa mizinga inayokosa maua.

Iko njia ya jua. Katika kiangazi chetu, mita moja ya mraba hupokea nishati ya yuniti tano hivi kwa siku. Hita ya jua yenye tangi la lita 100 inaweza kutosheleza ndoo tano tulizozihesabu. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, lakini haina LUKU. Mwaka 2012 jirani zetu Kenya walitoa kanuni za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita za jua. Kwa nyumba ya wageni, zahanati au shule ya bweni, hesabu hii inafaa kufanywa kabla ya hesabu ya umeme. Uliza kuhusu dhamana ya tangi, uimara wa paa, na nani atakuja kulitengeneza hapa Ipole, si Dar es Salaam.

Asiye na uwezo huo asikate tamaa. Madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyeusi, yakianikwa juani tangu asubuhi mahali pasipo upepo, hutoa maji ya uvuguvugu alasiri. Yakifunikwa blanketi au kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa pumba, yanabaki na joto hadi jioni. Kinachotakiwa ni kuhamisha saa ya kuoga kutoka alfajiri hadi jioni kwa wale wanaoweza. Maji haya ni ya kuoga, si ya kunywa. Ukitenga umeme kwa ndoo mbili tu za alfajiri, ya mtoto mchanga na ya mgonjwa, utatumia yuniti 30 kwa mwezi. Pamoja na zile 40 za taa na redio unakuwa na 70, na umebaki ndani ya mpaka.

Unapolipa

Kabla hujatoa fedha, hakikisha haya:

1. Bidhaa ina alama ya ubora ya TBS, na nguvu yake kwa wati imeandikwa kwenye mwili wa chombo, si kwenye boksi tu.
2. Umeandikiwa risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na tarehe. Bila risiti, dhamana ni maneno.
3. Dhamana inataja muda, inachofunika, na mahali pa kurudisha bidhaa.
4. Vipuri, hasa koili na kidhibiti joto, vinapatikana Sikonge au Tabora.
5. Umepata makadirio ya maandishi ya ufungaji kutoka kwa mafundi wasiopungua wawili.

Ukiuziwa bidhaa bandia au ukidanganywa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lalamiko la huduma ya umeme lianzie kwa mtoa huduma. Usiporidhika, lipeleke EWURA, au uombe ushauri wa Baraza la Watumiaji, EWURA CCC. Andika tarehe, tunza nakala, na usisubiri hadi risiti ifutike maandishi.

Ndugu zangu, leo usiku kila mwenye LUKU asome yuniti zake, azisome tena baada ya siku saba, kisha azidishe tofauti kwa nne. Atapata makadirio ya matumizi yake ya mwezi. Akizitoa kwenye 75, atajua ni ndoo ngapi za maji ya moto anazoweza kumudu kabla ya kwenda dukani.

Sasa nakaribisha maswali.